Wimbo wa Thelathini

Dk. Gaudiosa Kapinga alikuwa na nyimbo ishirini na tisa, na Profesa Nicholaus alitaka thelathini. Ungedhani mtu mzima na shahada zake angesema ishirini na tisa zinatosha, lakini mtu huyo asingekuwa Profesa Nicholaus. Yeye aliwahi kumtoa mwanafunzi kwenye foleni ya mahafali, joho likiwa mwilini, kwa sababu tasnifu yake ilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa namba 104. Mkataba wa Gaudiosa pale chuoni ulisema hivi: miaka mitatu ya majaribio, ndani yake akusanye nyimbo thelathini za kulimia za milima ya Umatengo na kuziweka kwenye hazina ya kidijitali, ndipo athibitishwe kazini. Miaka mitatu ilikuwa inaisha Ijumaa. Asipothibitishwa, angerudi kufundisha kuchapa barua kwenye kile chuo cha mtaani alikotoka, na alikuwa ameshaapa kwamba hilo halitatokea akiwa hai.

Taaluma yake iliitwa humanitia dijitali. Kwao Mbinga hakuna aliyeweza kulitamka jina hilo bila kupumzika katikati, kwa hiyo shangazi yake, Walburga, aliwaambia watu kanisani kwamba Gaudiosa anafundisha kompyuta kukumbuka nyimbo. Gaudiosa alikuwa amesoma vitabu vingi vinene juu ya taaluma hiyo na hakuna kilichoieleza vizuri zaidi.

Shangazi Walburga ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama saba waliolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kule milimani watu hulima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake huja na majembe, huchimba udongo wa katikati na kuyafunika yale majani, hadi mteremko mzima unabaki na mashimo yaliyopangana na kingo za kupandia maharage. Kazi hiyo ina nyimbo zake. Na nyimbo hizo, Gaudiosa aligundua kwa uchungu, haziimbwi na mtu aliyekaa.

Siku ya kwanza aliwakusanya ukumbi wa parokia, akawapangia viti, akawapa soda, akaweka mbele yao kipaza sauti chenye manyoya ya kuzuia upepo. Akina mama wakanywa soda. Wakakitazama kile chenye manyoya na kukubaliana kuwa ni ndezi, yule panya mkubwa wa majanini. Walipoombwa kuimba, waliimba nyimbo za Kilatini za misa, zote, mwanzo hadi mwisho, kisha wakashukuru kwa soda.

"Shangazi, nilikuwa naomba zile za kulimia."

"Za kulimia zinatoka mgongoni, mwanangu. Hapa nimekaa, mgongo umelala. Niimbe nini?"

Basi kwa miezi miwili Gaudiosa alisimama pembeni mwa mashamba, viatu vya mvua miguuni, ameinua ndezi wake juu ya kijiti. Chombo chake cha kurekodia kilikuwa na kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza mara moja, taa inapepesa na chombo kinasikiliza tu. Ukikibonyeza mara mbili, kinarekodi. Kila mwaka aliwakaririsha wanafunzi wake somo hilo, na kila mwaka aliwacheka waliosahau.

"Njoo ushike jembe," Shangazi alimwambia kila siku.

"Mimi niko kazini, Shangazi."

"Na sisi?"

Gaudiosa aliinama akajaza fomu. Kila wimbo ulikuwa na fomu yake: mahali, tarehe, waimbaji, waliokuwepo. Penye waimbaji aliandika "Walburga na wenzake". Penye waliokuwepo aliandika "wanawake saba". Aliandika hivyo mara ishirini na tisa na akaridhika.

Wa thelathini ulikuwa wimbo wa kufungia shamba, unaoimbwa shimo la mwisho likichimbwa, na huo ulimkwepa kama kuku anayejua sikukuu imefika. Mara mbili mvua iliwakimbiza kabla ya shimo la mwisho. Mara ya tatu akina mama walifunga shamba wakati yeye ameteremka Mbinga mjini kuchaji betri. Mashamba yakaisha. Hapo ndipo Profesa akapiga simu kusema kwamba kamati itakaa Mbamba Bay, ambako idara ilikuwa na mkutano wake wa mwaka, na kwamba wimbo uliobaki wataupokea huko huko kwa masikio yao.

"Tutakuja," alisema Shangazi, bila hata kufikiri.

Gaudiosa alifurahi mno. Alidhani hatimaye shangazi yake amekubali kuimba akiwa amekaa.

Ijumaa mchana akina mama walishuka kwenye gari mbele ya nyumba ya wageni ya Bi Safina, karibu kabisa na ziwa, na kila mmoja alikuwa na jembe begani. Majembe yalikuwa saba, ila akina mama walikuwa sita, maana mmoja kona za mteremko zilikuwa zimemchafua tumbo, akaachwa njiani kwa dada yake.

Profesa Nicholaus alitoka barazani na tai yake. Nyuma yake alikuja Dk. Cuthbert, mjumbe wa kamati, aliyewahi kuandika makala tatu juu ya ngoro kwa kutumia picha za setilaiti.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Profesa Nicholaus Mapunda."

"Profesa ni la kazini. Wa mama gani?"

Profesa alikohoa kidogo. "Scholastica. Marehemu. Wa kule Litembo."

"Basi kufyeka unajua," alisema Shangazi Walburga.

Ikabidi waelezwe. Wimbo unafunga shamba. Shamba linaanza na majani. Majani yanafyekwa na wanaume, na wanaume waliopo ni wawili. Profesa alisema kanuni za kamati hazina kifungu cha kufyeka. Wakati anatafuta ni kifungu gani hasa hakipo, Bi Safina alikuwa ameshatokea na makwanja mawili. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mteremko ulioota majani hadi kiunoni, na mwaka mzima alikuwa akitafuta mtu wa kuusafisha. Bi Safina alikuwa uzao wa wafanyabiashara wa Kilwa, na uzao huo hauachi nafasi kama hiyo ipite.

Basi kamati ikafyeka. Dk. Cuthbert alilaza majani yake upande, Shangazi akayaokota, akayalaza tena, na Cuthbert akasema kwenye picha yanaonekana tofauti. Majani yalipaswa kukauka kwanza siku kadhaa. "Leo tuyavumilie," alisema Shangazi, "ni ya maprofesa." Profesa Nicholaus alifyeka kwa mkono wa mtu aliyewahi kufyeka akaamua kusahau, na jasho lilipofika kwenye tai aliilegeza.

Mistari ilipokamilika, akina mama wakaingia. Jembe la saba lilibaki chini. Shangazi Walburga alilitazama jembe, kisha akamtazama Gaudiosa, na safari hii Gaudiosa hakusema kwamba yuko kazini. Aliweka ndezi juu ya kiti cha plastiki, akabonyeza kitufe chekundu, akaona taa imewaka, akashika mpini.

Mgongo ulianza kumuuma kwenye shimo la pili. Kwenye la nne alikuwa anaitikia kiitikio bila kujua ameanza lini. Walipofika shimo la mwisho wimbo ulibadilika, sauti ya Shangazi ikapanda peke yake, na akaanza kuwaita mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake na la mama yake, jembe likishuka kila jina lilipotajwa. Aliwaita wenzake. Akamwita hata yule aliyechafukwa na tumbo. Akaita Cuthbert wa Agripina, jina alilokuwa amemdodosa wakati wa kulaza majani. Akaita Gaudiosa wa Tadea, na Gaudiosa, ambaye kwa miezi miwili hakuwa ameitwa, alipiga jembe kwa nguvu na machozi yakamtoka. Mwisho akaita Nicholaus wa Scholastica.

Profesa alisimama na kwanja lake. Kisha akajifuta uso mzima kwa tai. Hakuna aliyempa pole, maana angejua wamemwona.

"Tusikilize rekodi," alisema.

Gaudiosa alijua kabla hajafika kwenye kiti. Taa ilikuwa inapepesa.

"Nilibonyeza mara moja," alisema. "Kilikuwa kinasikiliza tu."

Miaka mitatu, na kosa ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Gaudiosa aliiona barua ya chuo cha mtaani kama vile imeshachapwa.

"Basi waimbe tena," alisema Dk. Cuthbert.

"Shamba limeshafungwa," alijibu Shangazi. "Mkitaka tena, kwa jirani kule kuna majani."

Dk. Cuthbert alitazama malengelenge ya viganja vyake, akaondoa hoja.

"Daktari Kapinga," alisema Profesa, "nipe fomu."

Alikaa juu ya jiwe, akaiweka gotini, akaijaza mwenyewe, kalamu ikimponyoka kila mara kwa sababu ya malengelenge. Penye waliokuwepo aliandika majina yote, kila moja na la mama yake, la Scholastica kwa herufi kubwa. Nafasi ilipoisha aligeuza karatasi. Penye rekodi aliandika: *Hakuna. Mtafiti alikuwa analima.* Akatia sahihi.

"Hii ni ya thelathini," alisema. "Umethibitishwa kazini."

Gaudiosa aliipokea fomu kwa mikono miwili.

"Ila zile ishirini na tisa nakurudishia," aliendelea Profesa, na sasa alikuwa amerudi kuwa yeye kabisa. "'Wanawake saba' ni nani? Ukiacha la Walburga, hazina hata jina moja. Zirudie zote."

Shangazi Walburga alikuwa anakung'uta udongo kwenye majembe. Lile la saba alimkabidhi Gaudiosa.

"Hili uende nalo," alisema. "Huyo ndezi mwache nyumbani."