Nani Atalisha Tanuri

Ukimwalika Wendell Niskanen mahali popote baada ya theluji ya kwanza kuanguka, jibu lake ulilijua kabla hujafunga mdomo. Harusi? "Nani atalisha tanuri?" Mazishi ya shangazi wa mkewe kule Bemidji? "Nani atalisha tanuri?" Daktari alipomwambia kwamba bega lake linataka kupasuliwa, na kwamba atalazwa usiku mmoja tu, Wendell alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akavaa koti, akarudi nyumbani na bega lake bovu. Huko kijijini watu waliligeuza neno hilo kuwa utani. Arlys, mkewe, ndiye peke yake aliyekuwa hacheki.

Tanuri lenyewe lilisimama nyuma ya nyumba, kibanda cha bati chenye dohani juu. Ndani mlikuwa na moto, na moto umezungukwa na tanki la maji. Maji yakishapata joto, pampu iliyasukuma kupitia mabomba yaliyofukiwa ardhini, tawi moja likaenda nyumbani, jingine karakana, ambako mabomba yalilazwa ndani ya sakafu ya saruji. Lilikula asubuhi na jioni, na baridi ikikaza, lilidai na chakula cha mchana.

Haki ya Mungu, lilitunzwa. Wendell alizoa majivu, akakwangua ile lami nyeusi inayoganda ndani ya dohani, akapima maji kama dawa ya kutu inatosha, na kila vuli akabadilisha kamba ya mlango ili hewa isipenye. Kuni alizipasua mwaka huu azichome mwaka ujao. Kuni mbichi kwake ilikuwa dhambi. Nje mate yangeweza kuganda kabla ya kufika chini, yeye yumo karakana na fulana, anaranda mbao, anapiga mluzi.

Mluzi huo ulikatika mwaka juzi. Mara hiyo moja Wendell alikuwa amekubali kuondoka na Arlys kwenda mazishi mengine, usiku mmoja tu, wakamwachia tanuri mwana wao Corey. Mtu mzima huyo, fundi umeme, ameoa karibuni. Corey alijaza kuni, akaingia ndani kutazama hoki, na mlango wa tanuri hakuufunga sawasawa. Hewa ikaingia, moto ukala kila kitu kwa pupa, ukazimika. Kulipokucha, maji yalikuwa yameganda kwenye mabomba ya karakana na sakafu ina ufa kutoka mlangoni hadi dirishani. Corey aliomba radhi. Wendell alisimama juu ya ufa ule, akasema, "Mtu asiyeweza kuangalia moto usiku mmoja, mtoto atamwangalia vipi? Heri usizae."

Corey alichukua koti lake, akahamia mji wa Duluth na mkewe Janelle. Mwisho wa kiangazi kilichopita walipata binti, wakamwita Tess. Arlys alikwenda peke yake, akampakata siku moja. Wendell hakwenda. Kiangazi tanuri halilishwi, kwa hiyo safari hiyo swali lilikuwa nani atapasua kuni. Corey alimpa mama yake ujumbe mmoja tu wa kurudi nao: "Mwambie mzee akitaka kumwona mjukuu wake, aje mwenyewe. Salamu za kutumwa sizitaki."

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka wiki ile ya Januari, Janelle alipopiga simu.

"Jumapili Tess anabatizwa," Arlys alisema, akimsogezea mumewe kahawa na kipande cha mkate wa iliki. "Twende."

"Nani ata—"

"Usinimalizie neno hilo, Wendell. Nimelishiba."

Wendell akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Wanasema baridi itafika nyuzi arobaini chini ya sifuri. Hita ya umeme itashika nyumba, sawa. Karakana je?"

Butch Pelto, jirani yao, alikuwa ameketi pale pale mezani, maana mkate wa Arlys ukiiva harufu yake humfikia. "Si mimi nipo, shemeji? Kutupa magogo motoni kunanishinda nini?"

"Wewe?" Wendell akageuka. "Wewe unachoma miti ingali na majani. Moshi wako unaonekana mpaka Kanada."

"Wakanada hawajalalamika."

"Wamehama."

Butch alicheka mpaka akapaliwa na mkate, na habari ya ubatizo ikafia hapo. Arlys alivikusanya vikombe kwa nguvu kuliko vilivyohitaji.

Ijumaa asubuhi aliamka akaona sakafu ya jikoni baridi. Akagusa bomba: baridi. Huko nje, tanuri lilikuwa linatoa mvuke juu kama birika. Pampu ilikuwa imekufa. Maji yalikuwa yanachemka pale pale yalipo na hayaendi popote. Wendell alizima feni inayopuliza moto, akafunga koki mbili, akachukua spana. Pampu ilikaa nyuma ya tanuri, mahali pa kubana, juu ya kichwa. Alinyoosha mkono, spana ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena, na safari hii uso wake ukawa wa kijivu.

"Toka hapo," Arlys alisema.

"Hujui."

"Nielekeze basi. Mdomo wako hauumwi."

Wendell akamtazama, akatazama mvuke, akatoka. "Pampu ya akiba iko karakana. Rafu ya chini, kushoto. Kushoto, umenisikia? Kulia usiguse."

Sasa jamani, mwanamke gani ataambiwa asiguse kulia? Pampu aliipata kushoto, akaiweka chini, akaenda kulia. Palikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Akaliinua.

Kilikuwa kiti cha mtoto, kile kirefu cha kumlishia mezani. Mbao zake zilikuwa za mti wa mepo wenye madoa kama macho ya ndege, zile zile ambazo Wendell alizihifadhi tangu kabla hawajaoana na akakataa kuwauzia matajiri waliokuja kuzitafuta kwa magari. Mwaka mzima alikuwa akimwambia anatengeneza fremu za madirisha. Arlys alipitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, ukateleza kama sabuni. Hakuna mtu anayesugua mbao namna hiyo kwa mtoto asiyemtaka.

"Mpumbavu wewe," alisema kwa sauti, karakana ikiwa tupu, na machozi yakamtoka. Alikuwa na hasira naye na alimpenda, yote mawili kwa pamoja, na miguu yake ilikuwa imekanyaga ule ufa.

Alirudisha turubai, akabeba pampu, akaingia nyuma ya tanuri. Skrubu nne, ya zamani ikatoka, mpya ikaingia. Wendell aliagiza kwa nyuma, kushoto, kulia, taratibu, usilazimishe. Walipofungua koki, Arlys alishika bomba mpaka akahisi joto linapita.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Sawasawa?"

"Njoo ukaze wewe na hilo bega lako."

Wendell alimulika maungio yote kwa tochi. Hapakuwa na tone. Akazima tochi bila kumkosoa, na kwa Wendell hizo ni sifa kubwa.

Wakati wa chakula Arlys alipakua mchuzi wa paa, akakaa, akasema, "Kesho unaenda Duluth. Mimi nabaki na tanuri."

"Wewe ndiye uliyetaka kwenda."

"Nilitaka. Na bado nataka, inaniuma mpaka basi. Lakini tukimwachia Butch, utageuza gari hatujafika hata ule mji wa Virginia hapo njiani. Na nikienda mimi peke yangu, ni salamu za kutumwa tena." Akamega mkate. "Kile kiti nimekiona."

Wendell akaacha kutafuna. "Nilikwambia usiguse kulia."

"Uliniambia."

"Mtoto mwenyewe hajui hata kukaa. Kiti kina haraka gani?"

"Atajua kukaa, atajua kutembea, ataolewa, wewe uko nyuma ya nyumba unakwangua dohani."

Wendell alisukuma sahani kando. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Arlys alikuwa hajaisikia miaka mingi, "Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulisema upuuzi. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi."

"Akinifukuza je?"

"Utarudi, mchuzi upo."

Asubuhi alifunika kiti kwa blanketi, akakifunga kwenye pikapu. Alimwonyesha Arlys kila kitu upya, hata jinsi ya kusikiliza komeo la mlango likishika, kana kwamba huyo mke hajaliona tanuri maishani. "Na usimpigie Corey simu," alisema akiwa ameshika usukani. "Nikishindwa nikarudi njiani, asijue."

"Sipigi."

Na hakupiga. Alivaa ovaroli la mumewe, akalikunja miguuni, akalisha. Kila alipopita dirishani alitazama barabara, akitegemea kuiona pikapu inarudi. Hakumwamini kabisa. Mawazo yake yalikuwa kanisani, kwa kofia nyeupe aliyoifuma mwenyewe na ambayo hataiona ikivaliwa. Karibu na mchana alitoka tena kuongeza kuni. Alikuwa anasawazisha makaa, uso unaungua na mgongo unaganda, simu ilipolia mfukoni.

"Mama?" Sauti ya Corey ilikuwa imekauka.

"Ee, mwanangu."

"Mama, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nani mwingine atapokea simu yangu?"

Alimsikia akishusha pumzi, kisha kiti kikilia kama mtu amejiangusha juu yake. "Baba yuko nje. Namwona hapa dirishani. Amesimama kwenye theluji, amekumbatia kitu kimefunikwa blanketi, na hapigi hodi. Nimetazama ndani ya gari, wewe hupo." Akashusha sauti. "Nilidhani umekufa."

Arlys alifunga mlango wa tanuri. Alisikiliza mpaka komeo likashika, akauegemea ukuta wa bati. Mwanawe alikuwa amefikiria kila kinachoweza kumwondoa Wendell hapa mwezi wa Januari, akapata kimoja tu.

"Sijafa," alisema. "Ninalisha tanuri."

Alisikia kiti kikilia tena, Corey ameinuka.

"Amesimama hapo tangu lini?"

"Sijui. Muda kidogo."

"Basi mfungulie mlango, Corey. Hicho kitu ni kizito, na bega linamuuma."