Pointi Isiyo na Jina

Usiku wa jana, baada ya kula ugali na nsansa, majani yetu makavu ya kunde, na kulala mapema kuliko kuku, niliota jipiesi ya marehemu mume wangu, kile kifaa chake cha kuonyesha njia, imekaa kitini inanisubiri niisalimie.

"Mama Kalunde," ikasema, "tangu msiba umenifungia kabatini pamoja na visahani. Hata habari za asubuhi hujaniuliza."

"Habari za asubuhi," nikasema.

"Si asubuhi," ikajibu. "Lakini asante."

Ukiiona hutaishangaa. Ni ya manjano, ina mpira mweusi pembeni, inaenea kiganjani, na kioo chake ni cha kijivu kisichojua rangi yoyote. Vitufe vyake ni vichache, hata mimi nisiyepatana na mashine nilivizoea. Mlekwa, mume wangu, alipewa na watu wa mradi wa nyuki ili aweke alama ya kila mzinga wake msituni. Ilianguka juu ya miti, ikazama mtoni, na safari moja ikatumbukia kwenye ndoo ya asali. Mlekwa akailamba, akaifuta kwa shati, ikaendelea kumwonyesha njia. Katika muda huohuo nyumba yetu imezika simu nisizoweza kuzikumbuka zote.

Leo asubuhi shemeji yangu Mihambo alikuwa aje kuichukua, maana mizinga ya kaka yake sasa anaitunza yeye. Ana simu kubwa yenye ramani za dunia nzima, lakini ikifika msituni huzima kabla yeye mwenyewe hajachoka. Nilikubali upesi. Nilitaka kitu hicho kitoke nyumbani mwangu kwa sababu ya pointi moja.

Pointi zote, yaani zile alama alizoweka, Mlekwa alizipa majina ya miti iliyobeba mizinga. Kuna Mninga, kuna Mtundu, kuna Mkora Mkubwa na Mkora Mdogo. Moja tu haina jina. Kiooni ni kibendera kidogo kilichochomekwa hapa hapa jirani, kwenye kijito, na njia zote alizorudi nazo kutoka kambini zinasimama pale kitambo kabla ya kufika kwangu. Ng'ambo ya kijito anakaa Mama Siwema, mjane, mwanamke wa kujipenda.

Na Mlekwa alikuwa akirudi ananukia sabuni.

Anayeijua kazi ya nyuki ameshanielewa. Mrina asali haogi kwa sabuni kambini, kwa sababu nyuki hawataki harufu ngeni, na harufu ya sabuni huwapandisha hasira. Wenzake wote walirudi kwa wake zao wakinuka moshi hadi kwenye kope. Wangu peke yake alitoka wiki nzima porini akiwa safi kama bwana harusi. Nani alimwogesha? Sikumwuliza. Nilimpakulia chakula, nikamtazama akila. Tukaishi hivyo mpaka homa ikamchukua.

Kwa hiyo ndotoni nikaiambia jipiesi, "Nipeleke kwenye ile pointi."

"Siwezi kufanya kazi chini ya bati."

"Mbona unaongea?"

"Huku si kufanya kazi. Huku ni kulalamika. Kazi inataka mbingu."

Bati za nyumba yangu zikajikunja zenyewe kama mkeka, zikajiegemeza kwenye ukuta wa choo. Nikaona nyota. Halafu zikashuka setilaiti tatu, kila moja na kiti chake cha plastiki, zikakaa uani kama wajumbe wa kikao. Nikauliza kama nizitengee chai.

"Tunamngoja mwenzetu," ikasema mojawapo. "Bila wa nne hatuwezi kusema uko wapi."

"Niko kwangu."

"Hayo ni madai yako."

Naitazama miguu yangu na kweli, haipo. Gauni linaning'inia juu ya kitu ambacho si mguu wala si hewa. Simu ya Mihambo inaingia mbio kutaka kunisaidia, inasema yenyewe inajua kila kitu, kisha inauliza mtandao uko wapi, inaomba soketi, inazimia mlangoni. Hakuna anayejishughulisha nayo. Mwishowe setilaiti ya nne inafika ikihema, inaomba radhi kwamba ilizuiwa na mlima. Zinanong'ona. Zinakubaliana. Mguu wangu wa kulia unarudi mahali pake, na wa kushoto unarudi kule kwenye migomba.

"Mbona huu uko kule?"

"Kosa la mita tatu," ikasema jipiesi. "Hilo halikwepeki. Anayekuahidi karibu zaidi ya hapo anakudanganya."

Nikaufuata mguu wangu, nikauvaa.

"Sasa chagua," ikasema. "Nyayo au mshale?"

"Tofauti yake nini?"

"Mshale haujui mto wala ukuta. Nyayo zinapita alikopita yeye."

Nikachagua nyayo. Papo hapo niko kambini kwao, nimevaa buti zake za mpira, na buti zinajua njia. Zinakwenda, zinapinda, zinazunguka kichaka kimoja bila sababu ninayoiona.

"Alikuwa anakwepa nini hapa?" nikauliza.

"Mimi najua wapi. Kwa nini sijui."

"Hujawahi kujua?"

"Ningejua kwa nini ningehitaji betri nyingi."

Tunafika kwenye mti mkubwa. Jipiesi inaita, "Mninga!" Mti unaitika, "Naam!" Kisha unainama kunitazama vizuri.

"Ndiye huyu? Habari za Kalunde? Kifua chake kimepona?"

"Kimepona. Ameshaolewa. Umemjulia wapi?"

"Kila akija kurina asali alitusimulia," mti ukasema. "Na nsansa yako, bado unaitia chumvi nyingi?"

Mti wa pili nao ukaniuliza habari za goti langu, wa tatu ukataka kujua kama ule mlango wa jikoni bado unalia. Mtu niliyeishi naye bila maneno kumbe maneno alikuwa nayo, ila aliyamaliza huku. Roho iliniuma na hasira zikanipanda kwa pamoja, na mimi nikikasirika siwezi mizunguko.

"Nipe mshale," nikasema.

"Utapita kwenye nyumba za watu."

"Nipe."

Mshale ukalala kiooni, mweusi, mnyoofu, na msitu wote ukasogea pembeni. Nikatembea. Nikapita katikati ya zizi la mbuzi, nikapita katikati ya ukuta, nikatokea sebuleni kwa Mama Siwema. Nilijua tu. Yeye amekaa mkekani anachagua mchele.

"Karibu, Mama Kalunde," akasema. "Leo umeingilia ukutani."

"Napita tu."

"Pita, mwenzangu."

Lakini sipiti. Natazama chini ya kabati. Natazama nyuma ya pazia. Nachungulia hata ndani ya birika, kana kwamba mwanamume mzima angejificha humo na miguu yake ile.

"Umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Sijapoteza."

"Maana salamu zangu huwa unazijibu kama mtu aliyeibiwa," akasema bila ubaya wowote, akatoa jiwe kwenye mchele akaliweka kando.

Niliitazama jipiesi nikiitaka iseme tumefika. Haikusema. Mshale ulikuwa unaonyesha mlango wa nyuma. Niliutikisa ule mtambo, nikaupiga kwenye paja, nikautumbukiza kwenye mchele wa Mama Siwema. Mshale ukabaki palepale. Ukitaka mtu wa kukubaliana na wivu wako, usiiendee mashine ile.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma kwa aibu yangu yote, nikashuka kijitoni.

"Umefika," ikasema jipiesi.

Pana majani marefu, mawe mawili, na maji yanayopita. Hapana mtu.

"Yuko wapi?"

"Ndani ya mita tatu."

Na kweli, yupo. Mlekwa amechuchumaa, kifua wazi, shati lake la kambini limetundikwa kwenye tawi, anapapasa chini ya majani na kunung'unika. Ananuka moshi hadi machozi yananitoka.

"Kila safari jipiesi inaniambia nimefika," akasema bila kunitazama, "na kila safari napapasa nusu saa. Si karibu na jiwe, si chini ya jiwe. Ndani ya mita tatu."

"Unatafuta nini, Baba Kalunde?"

"Sabuni."

"Umetoka porini wiki nzima, nyumbani ni pale unapaona, unatafuta sabuni kwa jipiesi?"

"Naificha hapa. Kambini siwezi kwenda nayo, nyuki watanila. Na majani haya yakiota sipaoni."

Nikasogea nimsaidie. Nilipopiga hatua, ardhi ikamsogeza naye. Nikapiga nyingine, ikamsogeza tena. Nikakimbia kidogo, na yeye amechuchumaa vilevile, anapapasa, mbali nami kwa mita zilezile tatu. Nikaelewa, nikasimama.

"Kwa nini huogi nyumbani?" nikamwuliza.

Niliuliza vile kwa urahisi hata mwenyewe nikashtuka. Swali lenyewe fupi, na limenikaa kooni miaka chungu nzima.

"Ulifunika pua," akasema.

"Mimi?"

"Kwa khanga. Ile safari yangu ya kwanza tangu tuoane. Niliingia na moshi wangu, ukafunika pua, ukakimbilia nje. Nikasema basi, mke wangu moshi hauwezi."

"Mlekwa, nilikuwa na mimba ya Kalunde! Kila kitu kilinichefua. Hata maji yalininuka."

Akaacha kupapasa. Akafikiri.

"Hukusema."

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza," akakubali.

Maji yakapita. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba baada ya Kalunde kuzaliwa nilitamani anukie kama waume wa wenzangu. Nilikuwa nikipita karibu na shemeji Mihambo akitoka kambini ili tu niunuse ule moshi, nikiwaza kwamba wa mume wangu ameumaliza mwanamke mwingine.

"Mwanamke gani?" akauliza.

Niliona haya kumtaja mbele ya jipiesi.

"Basi leo nisioge?" akasema.

"Usioge."

"Hii hapa sasa, nimeshaipata." Akanyanyua kipande cha sabuni ya mche, cha bluu, kimeliwa pembe na panya. "Shika wewe."

Akanirushia. Kipande kikavuka mita zile tatu ambazo mimi zilinishinda. Kilikuwa na maji, kikataka kuponyoka, nikakikaza kwa kucha. Nikasikia viti vya plastiki vinakunjwa. Setilaiti ya kwanza iliinuka ikaaga, na Mlekwa akaanza kufifia kuanzia miguuni.

"Subirini!" nikasema. "Sijamaliza!"

"Pointi tumeshaihifadhi," ikasema jipiesi. "Unataka kuipa jina?"

Nikafungua mdomo nijibu, na mlango ukagongwa.

"Hodi! Shemeji, hodi!"

Niliamka. Bati lilikuwa juu ya nyumba, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikavaa khanga, nikafungua kabati. Jipiesi ilikuwa palepale kati ya visahani, kioo kimya, betri nilizitoa mwenyewe siku nyingi. Nikaishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumpa na maneno ya kumpa nilikuwa nayo.

Mihambo alikuwa amesimama kizingitini, katoka kambini moja kwa moja, ananuka moshi. Akaipokea kwa upande mmoja, na mimi upande wangu sikuuachia. Tukabaki tumeishika wote wawili. Akainamisha kichwa, akanusa.

Nikatazama vidole vyangu. Chini ya kucha ya dole gumba palikuwa na bluu, imejaa vizuri hadi ndani, na nyumba hii imekuwa ya sabuni ya unga tangu Kalunde aolewe.

"Shemeji," Mihambo akasema, "mbona unanukia sabuni asubuhi yote hii? Ulikuwa wapi?"

Aliuliza hivyo tu, bila kufikiri, hata viatu alikuwa hajavua.