Mstari wa Pili

Devota alishusha mpini wa jembe kwenye mkono wa Shilinde, akausikia mfupa ukivunjika.  Jirani yao huyo mzee alikaa chini katikati ya mahindi waliyokuwa wakila ng'ombe wake, na vibarua wenzake Devota wakamshukia kwa mateke.

Asubuhi hiyohiyo Devota alikuwa amemwamkia shikamoo. Sasa hakumwonea huruma hata chembe. Miaka tisa alikuwa akifunika mahindi ya kituo hiki cha serikali kwa karatasi, moja moja, ili chavua ya nje isiingie. Mstari mmoja tu ndio ulioushinda ugonjwa wa milia ya majani, na ng'ombe walikuwa wameumaliza, karatasi na yote. Kesho watu wa kampuni wangekuja kuuona.

"Kampuni ina magari na mashine, mbegu haina," bwana shamba Nickson aliwaambia juzi. "Sisi mbegu tunayo, hata dizeli hatuna. Wakiipenda, tutazalisha pamoja. Wasipoipenda, kituo kinafungwa." Serikali ilikuwa inauza na kupunguza kila kitu mwaka ule, vibarua ishirini na sita walikuwa wamebaki wanne.

Marko, mmoja wa vibarua, aliinua panga, akalikata dume kubwa shingoni. Likapiga magoti, damu ikaruka mpaka kwenye gauni la Devota. Alifurahi, Mungu amsamehe.

"Bwana shamba alinipa," Shilinde alisema, mdomo umejaa damu. "Mistari ya pembeni. Kila mwaka ni miwili."

Ilikuwa kweli. Mistari ya pembeni hupandwa kuyakinga majaribio. Haipimwi, na kituo humwachia jirani mwenye mifugo. Ila safari hii mbegu ya njano ya kukingia ilipungua, na Devota akapanda mstari mmoja tu kwa mikono yake. Wa pili ulikuwa ule mweupe, wa miaka tisa.

"Mwaka huu ni mmoja, baba," alisema. Aliona aibu iliyomchoma. "Hatukukwambia."

Marko akamrushia mzee teke jingine. Devota akamtwanga Marko mpini kifuani, akamnyang'anya panga, akalipasua tumbo la dume. Joto na uvundo vikampiga usoni. Akachimba majani kwa vidole, akitafuta punje. Yote yalikuwa yamesagika.

Shilinde alijikokota hadi kando yake.

"Hakupata muda wa kucheua," alisema. "Ng'ombe humeza kwanza, kutafuna ni baadaye. Ingiza mkono huku chini."

Punje ya kwanza ilikuwa ya njano. Ya pili nyeupe, nzima. Devota akaifuta, akaiweka kwenye upindo wa kanga. Mzee naye akaingiza mkono wake usiovunjika.

"Zitaota?" aliuliza.

"Sijui, baba."

Ya kumi na moja ilikuwa na alama ya jino. Devota aliitupa, akafikiri kidogo, kisha wakainama wote wawili kuitafuta.