Kibano cha Lila

Gurmit alikuwa Kalasinga wa Nakuru na Lila Mgujarati wa Mombasa. Walipooana koo zote mbili zilinuna, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mvivu wa kujifunza lugha ya mwenzake, nyumba yao ya Harrow ilizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Walielewana kwa mengi. Kilichokuja kuwatibua ni magari.

Kila kiangazi Gurmit alikwenda kwenye uwanja wa mbio nje ya Landani, ambako magari mawili husimama sambamba, taa ikawaka, yakafyatuka kwenye njia iliyonyooka. Daraja lake lilikuwa na sharti: sekunde kumi nukta tisa. Anayefika kwanza hushinda, ila akitumia muda pungufu ya huo, ameshindwa. Gari la Gurmit lilikuwa na nguvu kupita kiasi, naye alilizuia kwa mguu karibu na mwisho, kwa kukisia tu. Mara chache alipatia. Lakini watu walisogea kwenye ua wa uwanja kumsikiliza akinguruma, na hilo lilimtosha.

Kiangazi cha 1998 Lila naye akataka kushindana. Gurmit alicheka, akampa gari kuukuu lililokuwa likikaa nyuma ya gereji. Kwa msaada Lila hakumwendea yeye. Alimwendea Albert, Mtaita fundi umeme wa Stratford waliyemzoea uwanjani. Albert akamfungia throttle stop chini ya kabureta: kibao kinachojifunga gari likishaondoka, kikaibana injini pumzi kwa kitambo kilichopangwa, kisha kikaiachia. Wenyewe wakakiita kibano. Lila alipima joto na upepo, akapanga kitambo hicho, kisha akakanyaga mafuta mpaka mwisho bila kuinua mguu. Gari likawa linarudia muda uleule kila safari, naye akaanza kushinda.

Gurmit alisema amefurahi. Lakini Jumamosi alisimama dirishani jikoni, chai ikimpoa mkononi, akitazama vichwa viwili vilivyoinama juu ya injini. Albert akisema neno, Lila alicheka cheko ambalo Gurmit alidhani ni lake peke yake.

"Huyo Albert hana kwao?" alimuuliza siku moja.

"Ana kwao. Ana subira pia," Lila akajibu.

Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Mwezi Agosti, katika nusu fainali, walipangiwa wao kwa wao. Kabla ya kuvaa kofia Lila alimshika mkono. "Kimbia mbio zako, baba," akamwambia kwa upole. Gurmit alimwona Albert nyuma ya Lila, akimfungia kamba ya bega, akauondoa mkono wake.

Taa ikawaka. Waliondoka pamoja, kisha gari la Lila likafifia kama lililokosa hewa, na Gurmit akatangulia. Alijisikia mwepesi. Halafu akausikia mlio wa injini ya Lila ukifunguka nyuma yake: kibano kimeachia. Pua ya gari la Lila ikatokea ubavuni mwake, ikisogea. Hapo ndipo alipopaswa kuinua mguu, asije akafika kabla ya muda. Alijua, kama anavyojua jina lake. Lakini kumwona mkewe akimpita, na yule mwanamume akishangilia! Akakanyaga.

Alivuka wa kwanza. Taa ya ushindi ikawaka upande wa Lila.

Albert alikuja akikimbia mpaka kwenye dirisha la Gurmit. "Pole, bwana. Gari lako leo lilikuwa moto kweli." Hakukuwa na kejeli sautini mwake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Gurmit aliitazama fainali akiwa kwenye ua peke yake, akimwombea mkewe ashindwe, huku akiionea aibu dua hiyo. Lila akashinda. Mzee mmoja wa Kiingereza akamgeukia akamuuliza kama anamfahamu yule mama.

"Ni mke wangu," Gurmit akasema. Ilimgharimu kulitoa.

Njiani kurudi, Lila ndiye aliyeanza. "Ulijua utafika kabla ya muda."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Sikutaka kukuona mbele yangu. Na yeye akitazama."

Taa za Harrow zilipoonekana, Lila akasema, "Ukitaka, Albert simwiti tena. Lakini gari siachi."

Moyo wa Gurmit ulipoa ghafla, kisha akaona haya kwa jinsi ulivyopoa upesi. Alimtazama Lila: uso umejaa vumbi, alama ya kofia ingali kwenye paji.

"Mwite," akasema. "Ila aje nikiwepo."

"Ukiwepo wapi? Dirishani?"

Hakujua kuwa alikuwa akionekana.

Jumamosi iliyofuata Albert alipofika, Gurmit alitoka na vikombe vitatu. Alisimama kati yao, karibu mno, mpaka Lila akamsukuma kwa kiwiko ili apate mwanga.