Zamu ya Shangazi

Bwana shamba alitandaza kalenda ya kilimo juu ya meza ya kulia, akazikandamiza pembe zake kwa vikombe vya chai. Kaka mkubwa alivuta kiti. Dada yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alisimama mlangoni na jembe lake, mvua ikimnyeshea yeye peke yake.

“Wifi, sogea nje kidogo,” alisema mke wa kaka. “Sakafu nimeipiga deki sasa hivi.”

Akasogea.

Ilianza mwaka ule masika yalipokataa kuja. Baba yao alikuwa amefariki. Wana wa kiume wakagawana bonde, naye akaachiwa kipande cha mwinukoni, kokoto tupu. Alipokwenda kukilima, mvua ilimwangukia pale alipopiga jembe, wala haikuvuka mpaka. Kaka aliyatazama mahindi yake yaliyojikunja majani, akamtazama dada yake, akasema, “Basi pita na huku.”

Tangu hapo masika hayakusubiriwa, yalipangwa. Bwana shamba, mtu makini, alilifuta neno hilo kwenye kalenda, akaandika “Shangazi”. Mahindi ya kaka mkubwa, yanayochelewa kukomaa, yalitangulia. Ulifuata mpunga wa kaka wa pili, unaotaka maji yatuame, kwa hiyo huko Shangazi alikaa kitako kutwa nzima. Kwenye maharage ya binamu alipita mbiombio, yasije yakaoza. Alipofika kwake mwinukoni, mvua yake ilikuwa imebaki matone ya kufuta kwa kiganja.

“Na changu?” aliuliza sasa kutoka uani. “Mwaka huu nataka mahindi.”

“Chako hakikimbii,” alisema kaka. “Wewe si ndiye mwenye mvua? Utakosaje maji?” Akacheka hadi chai ikampalia.

Bwana shamba alikuna kidevu. “Kitaalamu, Shangazi, kwa unyevu unaobaki, pale panafaa mihogo.”

“Nimepanda mihogo miaka yote.”

“Basi una uzoefu.”

Binti wa Shangazi akaingia kukusanya vikombe. Begani pake palikuwa na manyunyu mepesi, ya kulowanisha mshono tu. Shangazi aliyaona kwanza. Aliingia bila kujali sakafu, akavua mtandio wake na kumfunika nao, lakini ulikuwa wa kukamua, haukuficha kitu.

“Tangu lini?” aliuliza kaka.

“Tangu juzi, mjomba.”

Bwana shamba alisogeza kikombe kilichokalia sehemu ya vuli. Alilikata neno hilo kwa mstari ulionyooka, akamwomba binti ataje jina lake polepole.

“Huyu aanze mwinukoni,” alisema Shangazi.

“Mwinukoni?” Kaka alimgeukia kwa upole wa kweli. “Dada, kule si kuna mihogo tayari?”

Mke wa kaka alileta kitambaa cha kupangusia, akakitandika mlangoni. Shangazi alijitwika jembe begani, akashuka bondeni, ambako mahindi ya kaka yalikuwa yakimngoja.