Swali la Nne

Mimi sijui kukaa. Hata kwenye harusi ya mdogo wangu nilisimama mlangoni nikitikisa mguu mpaka shangazi akaniuliza kama nimebanwa. Ndiyo maana kazi ya kutoa damu ilinifaa: mshipa, sindano, chupa, pamba, haya, mwingine. Wagonjwa waliniita Sista Chapchap. Wenye utani waliniambia haraka haraka haina baraka, nami nikawajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, kunja ngumi.

Utafiti wetu ulikuwa wa watu arobaini na mmoja waliopandikizwa figo. Kila mmoja alimeza vidonge asubuhi na jioni ili mwili wake usiikatae figo ya mtu mwingine. Dawa ikizidi, inaidhuru figo yenyewe. Ikipungua, mwili unaigeukia figo kama mgeni ambaye hakualikwa. Daktari alikuwa akitafuta dozi ndogo kabisa inayotosha, na njia ya kuijua ilikuwa kupima dawa iliyobaki kwenye damu asubuhi, kabla mgonjwa hajameza kidonge kipya. Ukimpima akishameza, unapima dawa iliyoingia sasa hivi, na namba itakayotoka ni ya uongo.

Kwa hiyo swali la nne kwenye fomu yetu liliuliza: Mgonjwa amemeza dawa asubuhi hii? Ndiyo. Hapana.

Sasa niseme la kwangu. Fomu za kesho nilizijaza leo mchana. Namba ya mgonjwa, tarehe, halafu swali la nne: Hapana, Hapana, Hapana, kumi na nne mfululizo. Nani angekuja kliniki ameshameza, na karatasi ya maelekezo anayo nyumbani? Niliokoa dakika ishirini kila asubuhi. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti cha kazi ya haraka na safi, nikakibandika juu ya friji la damu, mahali ambapo hakuna asiyekiona.

Katika wale arobaini na mmoja alikuwepo mzee tuliyemwita Kengele. Alikuwa amegonga kengele ya shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna mtoto aliyewahi kuibiwa hata dakika moja ya mapumziko. Figo yake ilitoka kwa binti yake, mama wa watoto wawili, fundi wa kuchomelea vyuma. Binti alimleta kila kliniki akiwa amevaa ovaroli ya kazi, akasimama ukutani na mikono mifukoni mpaka baba amalize. Tulikuwa hatusemezani sana. Alinitazama mikono tu, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

Namba za Kengele zilianza kutusumbua. Dawa kwenye damu yake ilikuwa mara mbili ya inayotakiwa. Daktari akapunguza dozi. Kliniki iliyofuata, bado iko juu. Akapunguza tena. Kisha siku moja mchana majibu mapya yalikuja: dawa bado iko juu, na uchafu ambao figo ilipaswa kuuchuja umeanza kupanda.

"Dawa inaidhuru figo," Daktari alisema huku akigonga kalamu mezani. "Mwili wake unaing'ang'ania. Kesho mtoe damu, kisha nampunguzia mara ya tatu."

Nikasema sawa. Lakini nilipofika nyumbani sikuweza kumaliza hata kufua soksi. Dozi ilikuwa imebaki nusu, na damu haikuonyesha tofauti ya maana. Ni kama umepunguza sukari nusu na chai imebaki na utamu uleule. Kuna mtu ameongeza sukari mahali fulani.

Asubuhi nilifika mapema, nikashindwa kukaa. Nikapanga chupa, nikazipangua. Nikatoka koridoni, nikaenda mpaka mwisho, nikarudi. Mara ya tatu nilipopita karibu na bomba la maji ya kunywa, Kengele alikuwa amesimama hapo na kikombe cha plastiki mkononi, macho kwenye saa yake. Mshale ulipofika saa moja kamili, akatupa kidonge mdomoni, akanywa maji, akafuta masharubu.

"Mzee!" Nilipiga kelele mpaka mfagiaji akadondosha ufagio. "Umefanya nini?"

"Shikamoo hutoi siku hizi?"

"Shikamoo. Umemeza nini?"

"Marahaba. Nimemeza dawa. Ni saa moja."

"Lakini leo ni kliniki! Damu kwanza, dawa baadaye!"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi yetu iliyokunjwa mara nne, safi kama imetoka mashineni leo. Akaiwekea kidole. "Soma mwenyewe. Damu saa moja kasoro robo. Dawa saa moja kamili, usichelewe. Hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu.

"Mwanzoni mlikuwa mnatoa kasoro robo," akaendelea bila hasira, kama anamweleza mtoto wa darasa la pili. "Watu wakaongezeka, kila kliniki mkazidi kuchelewa. Siku hizi mnanitoa damu saa mbili na nusu. Uchelewaji ni wenu, mwanangu, si wa dawa. Uliniambia wewe mwenyewe, hata dunia ipinduke, saa moja ni saa moja. Figo ya mwanangu niicheleweshe kwa sababu ya foleni?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naja kukuambia. Nikakaa kwenye kile kiti, nikaona fomu yangu mezani. Swali limeulizwa, na jibu limeshawekwa alama. Nikasema, huyu ni mtaalamu, anajua anachofanya."

Nilisikia aibu, ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Damu ya Kengele haikuwa na dawa nyingi. Ilikuwa na dawa aliyoimeza saa moja na nusu tu kabla ya sindano, na kadiri foleni ilivyorefuka ndivyo namba ilivyobaki juu. Kila mara tulipompunguzia, tulikuwa tunamnyang'anya dawa ambayo hata mwanzo haikuzidi. Uchafu ulipanda kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshaanza kuila figo ya binti yake, na sisi ndio tuliofungua mlango.

Nilirudi chumbani nikashika fomu yake ya leo. Hapana yangu ya jana ilikuwa pale. Ningeweza kuifuta, niweke Ndiyo, nimwambie aje kesho bila kumeza. Daktari angeona ni kosa la siku moja. Lakini fomu tatu za nyuma zingebaki na uongo wangu, na Daktari angeziamini, na leo hii angeandika dozi ndogo zaidi. Na nikisema, hazitaanguka fomu tatu. Zitaanguka zote, za watu arobaini na mmoja, na mimi nazo. Nilizunguka meza ile mara sijui ngapi. Cheti kilikuwa kinanitazama. Nilikibandua, nikakiweka droo ya pamba, nikaenda kugonga mlango wa Daktari.

Sitasimulia yote aliyoniambia. Alianza kwa sauti ya chini na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kisha akasimama, akapigia wodi simu: kitanda kimoja, sindano za kutuliza kinga ya mwili siku tatu, na dozi irudishwe kama ya mwanzo leo leo.

"Wewe," akaniambia, "utawapigia simu wote. Uliza swali la nne. Uliza kwa mdomo."

Nilipiga simu siku mbili. Wagonjwa sita walikuwa wanameza kabla ya kutolewa damu. Hakuna aliyekuwa amedanganya, ila hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Binti yake alinikuta kwenye ngazi za wodi siku ya nne. Ovaroli ilikuwa imeungua kifuani kwa cheche. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu.

"Figo imebaki kiasi gani?" akauliza.

"Theluthi mbili. Uchafu umeshuka, lakini hautarudi ulikokuwa. Kilichopotea kimepotea. Ni kosa langu, dada."

Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alijishika ubavuni, juu ya ovaroli, mahali kovu lilipo. "Mimi nikichomelea vibaya, nakata, narudia," akasema. "Hili silirudii." Akapanda ngazi kwenda kwa baba yake.

Utafiti uliahirishwa, ukaanza upya, na kazi yangu ya kuratibu fomu akapewa mtu mwingine. Mimi niliachiwa kutoa damu, kwa kuwa mishipa migumu bado naiweza, na fomu tupu ninapewa moja moja, mgonjwa akishakaa.

Kengele alirudi baada ya wiki sita, amekonda. Foleni ilikuwa ndefu vilevile. Alipofika kwenye kiti changu ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini, na binti alikuwa ukutani, mikono mifukoni, macho kwenye kalamu yangu. Mguu wangu ulitaka kutikisika. Nikaukanyaga na mwenzake.

"Mzee, umemeza dawa asubuhi hii?"

Akafungua kiganja. Kidonge kilikuwa ndani, kimeanza kulainika kwa jasho. Mkono ule ulikuwa umegonga kengele miaka thelathini na moja bila kukosea.

"Nimechelewa dakika arobaini," akasema. "Nilikuwa nakusubiri uniulize."

Niliandika Hapana. Ilinichukua muda mrefu.