Madumu Mia na Hamsini

Mume wangu Kheri hutibu maji ya bwawa la kuogelea katika hoteli moja kule Diani, basi hapa kwetu Munje akishika futi ya kupimia utadhani injinia. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya jirani, alijitolea kutia klorini katika birika la kutawadhia msikitini. Mimi niliogopa tangu mwanzo. Baba yake, Mzee Chirau, ana pumu, na mwaka jana harufu ya dawa ya kufulia tu ilimlaza hospitali. Kheri akaniambia nisimfundishe kazi, klorini yenyewe itakuwa kidogo kabisa.

Ijumaa asubuhi akaitia, akaenda zake kazini. Nilikuwa nakuna nazi aliponipigia simu kujisifu. Birika lina urefu wa sentimita mia mbili, upana mia na hamsini, kina mia moja. Amezidisha vyote, akagawanya kwa mia, kama mtu anayegeuza sentimita kuwa mita, akapata lita elfu thelathini. Klorini akaipima kwa hizo.

Mkono ulinisimama juu ya mbuzi. Elfu thelathini? Pampu ilipokufa, birika hilo tulilijaza sisi wanawake kwa vichwa vyetu, madumu mia na hamsini ya lita ishirini, na shingo bado inaniuma nikikumbuka. Hizo ni lita elfu tatu tu.

"Kheri, ulitakiwa ugawanye kwa elfu," nikamwambia. "Umetia mara kumi ya kipimo."

Akasema, "Baba huwa wa kwanza kufika msikitini."

Wallahi sijui nilipitaje njia ile. Nilimpigia mwadhini huku nakimbia, hakupokea. Harufu ilinilaki mlangoni, ikanichoma macho. Wanawake hatuingii upande wa wanaume saa za swala, lakini siku hiyo niliingia na chembe za nazi mikononi. Mzee alikuwa peke yake, amechutama ukingoni, viganja ameshaosha. Nikamwita, nikamsihi asitie maji kinywani. Akainua kidole ninyamaze, maana Mzee Chirau akitawadha hasemi na mtu mpaka amalize, hata nyumba iungue. Akachota, akapeleka mdomoni.

Nilimpiga mkono. Baba mkwe wangu, nilimpiga mkono kwa nguvu zangu zote, maji yakamwagika. Nikamvuta nje akikohoa, kifua kinamlia filimbi, nikampapasa mfukoni hadi nikapata bomba lake la pumu. Nilijua anakata roho mikononi mwangu. Akavuta dawa, akavuta tena, pumzi ikarudi polepole.

Hofu ikanigeuka hasira. Nikamuuliza, mtu wa pumu kama yeye, hakusikia harufu ile?

"Niliisikia, mwanangu," akasema. "Lakini nikajua Kheri amepima."

Simu ikaanza kulia mkononi mwangu. Alikuwa Kheri. Nikampa Mzee aipokee yeye.